Singer: yule jamaa aliyeko kwenye cherehani cha bibi

Leo nawaletea stori ya mtu ambaye jina lake mmeliona tangu mkiwa mnatambaa, limeandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye chuma cheusi, ila wengi wenu hamjui kama alikuwa mtu mwenye mikono na miguu. Hata mimi nilikuwa nadhani Singer ni neno la kiwandani tu. Kumbe ni jina la ukoo wa jamaa mmoja wa Marekani, Isaac Merritt Singer, aliyezaliwa 1811 na kufariki 1875. Na maisha yake, duh, ukiambiwa ni filamu utakubali.

Kabla sijafika kwake niseme nilimfikiaje, maana sikwenda kwa heri.

Mwezi wa Aprili 2009 huko Saudi Arabia ulizuka uvumi kwamba vyerehani vya zamani vya Singer vina zebaki nyekundu ndani yake, kitu cha bei mbaya kuliko dhahabu, cha kutafutia hazina na kutengenezea mabomu. Watu wakapagawa. Vyuma vilivyokuwa stoo vikafika hadi riyali 200,000 kimoja. Kipimo chao ndiyo kilinichekesha zaidi: unasogeza simu ya mkononi karibu na sindano, simu ikikatika basi zebaki ipo. Polisi wa kule walitangaza kuwa ni utapeli mtupu, na wanasayansi hawajawahi kuthibitisha kwamba hiyo zebaki nyekundu ipo hata duniani. Lakini uvumi haufi, wadau. Unalala tu. Ulipoamka kwa mara nyingine ulikuwa umefika mtaani kwetu Tanga, na mimi nilikuwa nimemaliza fomu foo, sina kazi, nashinda kafe.

Dalali mmoja alinifuata. Alijua bibi yangu wa Pangani ana Singer ya mkono, kale kadogo ka kuzungusha. Nikampa shilingi 50,000 za nauli ya mtaalamu kutoka Dar, hela ambayo haikuwa yangu. Tukaenda bibi akiwa shamba. Mtaalamu hakuja, akaja dalali mwenyewe na bisibisi. Tukafungua kichwa chote. Ndani mlikuwa na grisi iliyoganda, nyuzi za rangi zote na vumbi la pamba. Jamaa akasema tusubiri, anakwenda kupiga simu barabarani. Mpaka leo anapiga hiyo simu.

Nilirudishia nilichoweza. Ila springi ndogo ya kukazia uzi wa juu, pamoja na skrubu yake, zilikuwa zimepotea mchangani. Bila springi hiyo cherehani kinashona, lakini uzi unalegea na kufanya vitanzi, nguo haifai. Ilikuwa wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, na bibi hushona sare. Sitasimulia uso wa bibi. Hakunigombeza, alikifunika tu na kanga.

Basi hapo ndipo nilipoanza kuwinda Singer za zamani, kwa mafundi wa Ngamiani, kwa wauza chuma chakavu, popote. Na usiku, kafe, nikawa nasoma kuhusu huyu mtu.

Isaac alizaliwa jimbo la New York, baba yake mhamiaji kutoka Ujerumani. Wazazi waliachana akiwa mdogo, na akiwa na miaka kama 12 akaondoka nyumbani. Alijifunza kazi ya mashine kwenye karakana, lakini moyo wake haukuwa huko. Alitaka kuwa mwigizaji. Alikuwa mrefu wa zaidi ya futi 6, ana sauti ya kutikisa ukumbi, na alipenda kuigiza michezo ya Shakespeare. Tatizo ni kwamba jukwaa halikumlipa. 1839 alipata hati miliki ya mashine ya kutobolea miamba, akaiuza dola 2,000. Mtu mwenye akili angejenga. Yeye akaanzisha kundi la maigizo, wakazunguka miji kwa miaka kama mitano mpaka hela ikaisha na njaa ikarudi palepale.

1849 akapata hati nyingine, ya mashine ya kuchonga herufi za mbao za matangazo. Akaipeleka New York kutafuta wateja. Februari 1850 boila la jengo ilimokuwa mashine hiyo likalipuka, watu zaidi ya 60 wakafa na mashine ikawa vipande. Isaac hakuwemo. Kwa hiyo ana karibu miaka 39, watoto kibao (hilo tutalifikia), na hana kitu.

Aliyemuokoa ni mchapishaji vitabu aitwaye George Zieber. Naomba mlishike jina hili, maana hamtalikuta kwenye cherehani chochote. Zieber alimpa hela ya kutengeneza upya mashine ya kuchonga, wakaenda nayo Boston kwenye karakana ya Orson Phelps. Wanunuzi hawakuja. Lakini karakana hiyo ilikuwa na kazi nyingine: vyerehani vibovu.

Hapa nisimamishe kidogo, kwa sababu shuleni ukiulizwa nani aligundua cherehani utaandika Singer na mwalimu atakupa vema. Siyo kweli. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alikuwa na vyerehani 80 mjini Paris vikishona sare za jeshi, na 1831 mafundi wa kushona kwa mkono wakavamia wakavivunja wakihofia riziki yao. Marekani, Walter Hunt alitengeneza chake miaka ya 1830 akaacha bila kukisajili. Elias Howe alisajili chake 1846. Kwa hiyo Singer alikuta watu njiani, tena wengi.

Ila vya kabla yake vilikuwa vimeo. Kile alichokikuta kwa Phelps, kidude cha chini kinachobeba uzi wa pili kilizunguka duara, kwa hiyo kila mzunguko uzi ulisokotoka na kukatika. Sindano yake ilikuwa imepinda. Singer alikitazama akasema kidude kiende mbele na kurudi kwa mstari mnyoofu, sindano iwe imenyooka, ipande na kushuka, na kitambaa kilale mezani kimebanwa kwa juu. Ukiangalia cherehani chochote cha fundi wa mtaani kwako utaiona sindano hiyohiyo, na meza hiyohiyo.

Inasimuliwa kwamba mwanzoni aliikataa kazi hiyo kwa dharau, akaona ni mambo madogo ya wanawake, na kwamba alisema wazi anachotafuta yeye ni hela siyo uvumbuzi. Zieber akatoa dola 40. Singer akajifungia siku 11, anafanya kazi usiku na mchana, anakula mara moja kwa siku.

Usiku wa mwisho wakaunganisha vyuma vyote. Wakazungusha. Hakikushona. Wafanyakazi wakachoka wakaondoka mmoja mmoja, wakabaki Singer na Zieber anayemshikia taa. Mwisho na wao wakakata tamaa, wakaanza kurudi walikofikia. Njiani wakaketi juu ya lundo la mbao, na Zieber akataja jambo aliloliona: vitanzi vya uzi uliolegea upande wa juu wa kitambaa. Singer akashtuka. Alikuwa amesahau kukaza uzi wa juu! Wakarudi usiku uleule, akarekebisha, kikashona mishono mitano safi kabla uzi haujakatika. Mitano ilitosha.

Niliposoma hapo nilisimama kwenye kiti mpaka mwenye kafe akaniuliza kama muda umeisha. Ni springi yangu ile, wadau! Kitu kilekile nilichokipoteza mchangani Pangani ndicho alichokisahau Singer mwenyewe mwaka 1850.

Hati miliki ikatoka 12 Agosti 1851. Sasa tazameni alivyowalipa wenzake. Phelps alitolewa kwenye ushirika mapema. Zieber akaugua, yuko kitandani. Singer akaenda kumuona, akamwambia daktari anaona hutapona, afadhali uuze sehemu yako familia ipate chochote. Zieber akasaini kwa dola 6,000. Akapona. Sehemu aliyoiuza baadaye ilikuja kuwa na thamani ya mamilioni. Dalali wangu alikimbia na 50,000, lakini huyu aliketi kabisa pembeni ya kitanda cha mgonjwa.

Nafasi ya hao wawili ikachukuliwa na mwanasheria, Edward Clark. Singer alimhitaji kwa sababu Howe alikuwa amemshitaki. Howe alikuwa amepitia dhiki kubwa, alikwenda Uingereza akarudi hana kitu, mke wake akafariki, na akakuta vyerehani vinauzwa bila yeye kupata hata senti. 1854 Singer alishindwa, akalipa dola 15,000. Lakini kila kampuni ilikuwa na kipande chake cha hati, kila mmoja anamshitaki mwenzake, hakuna anayeweza kutengeneza cherehani kizima bila kuiba cha mwingine. 1856 wakakubaliana kuweka hati zao kapu moja: Howe, Singer, Wheeler & Wilson, na Grover & Baker. Howe akawa analipwa kwa kila cherehani kinachouzwa, akafa tajiri 1867.

Singer kazi yake ilikuwa nyingine. Uigizaji ule uliomlaza njaa sasa ukaanza kumlisha. Alisimama kwenye kumbi na maonyesho ya biashara, anashona huku anaimba na kupiga porojo, watu wanajaa. Mjini New York kampuni ikaweka wasichana dirishani wanashona mchana kutwa, ili wanawake wanaopita waone kwamba kumbe inawezekana. Maana wanaume wengi walikuwa wanasema mwanamke hawezi mashine. Shati la mwanaume lililochukua zaidi ya saa 14 kwa mkono, cherehani kililimaliza kwa saa moja na robo hivi.

Lakini bei! Kama dola 100, wakati familia ya kawaida ilipata dola 500 hivi kwa mwaka mzima. 1853 waliuza vyerehani 810 tu. Ndipo Clark, siyo Singer, alipokuja na wazo la 1856: toa dola 5 uondoke nacho, baki lipa kidogo kidogo kila mwezi. Mali kauli ya Kizungu. Mwaka uliofuata mauzo yakapanda mara tatu. Bibi yangu alivyonisimulia ndivyo alivyokipata na cha kwake, 1967, kutoka kwa fundi aliyekuwa anastaafu: alilipa kwa mafungu mwaka na miezi, na fungu la mwisho alilipa kwa kushona.

Clark alikuwa na wazo jingine ambalo sisi wawindaji linatuumiza. Alitangaza kwamba ukileta cherehani chako cha zamani, cha kampuni yoyote, unapunguziwa dola 50 kwenye kipya. Watu wakaleta. Kampuni ikavivunja vyote ili visiuzwe tena mitumba. Ndiyo maana vile vya kwanza kabisa leo ni adimu hata huko kwao, na watu wanalipa hela ndefu kwa chuma ambacho mwenye kampuni alikipiga nyundo.

Sasa tuje kwenye watoto. Wadau, watoto 24 wanaohesabika. Alimuoa Catherine Haley 1830, akamwacha na watoto wawili bila talaka. Akaishi na Mary Ann Sponsler, akazaa naye 10 huku akimwambia ndoa itakuja. Kisha Mary McGonigal, watoto watano, huyo alimjua kwa jina la Matthews. Kisha Mary Walters, mtoto mmoja, huyo alimjua kwa jina la Merritt. Wote mji mmoja wa New York! Kina Mary watatu, labda alifanya hivyo asikosee jina usingizini, teh teh. Na alikuwa na gari la farasi la manjano la kubeba watu 31, linavutwa na farasi tisa. Mtu wa siri zake anaendesha gari la manjano.

Agosti 1860, akiwa amempa Catherine talaka mwaka huohuo, yuko barabara ya Fifth Avenue na Mary McGonigal ndani ya gari. Mary Ann akawa anakuja na gari lake. Akawaona. Akawafuata anapiga kelele mtaa mzima. Nyumbani Singer akampiga. Mama akaenda kumshitaki, Singer akakamatwa, yakafumuka yote magazetini. Alipopata dhamana akakimbilia London, tena na dada wa Mary McGonigal.

Watu huwa wanasimulia hapa wakicheka, na mimi nimecheka. Ila Mary Ann alipanda naye jukwaani miaka ya njaa, alimlelea watoto kwenye gari la maigizo, na alipofika wakati wa kula alikuta viti vimejaa. Hili silifichi kwa sababu nampenda cherehani chake.

Clark, mtu wa kanisani, aliona aibu hadi kooni, na mke wake alikuwa hamtaki Singer hata kumuona. 1863 ushirika ukavunjwa ikaundwa Singer Manufacturing Company. Singer akabaki na hisa 40 kwa mia na uongozi akaacha. Mwaka huohuo alimuoa Isabella Boyer, Mfaransa wa miaka 20 na ushei, yeye ana 51. Wakaishi Paris, na vita ya Ufaransa na Prussia ya 1870 ikawahamishia Uingereza. Huko Paignton, pwani ya Devon, akaanza kujenga jumba lenye ukumbi wa maigizo ndani yake. Mwigizaji hakufa. Yeye ndiye aliyekufa, 23 Julai 1875, kabla jumba halijaisha, akaacha mali kama dola milioni 14. Wosia ukagawa watoto mafungu tofauti kabisa, wengine mamilioni, na mtoto mkubwa wa kiume wa Catherine, aliyeshuhudia upande wa baba asiotaka, dola 500. Mary Ann alikwenda mahakamani kudai kuwa ni mke, akashindwa. Binti mmoja wa Isabella, Winnaretta, alitumia fungu lake kuwafadhili wanamuziki wa Paris. Clark naye alijenga jengo la Dakota, New York, lile ambalo John Lennon alipigwa risasi mlangoni 1980.

Singer hakukiona kiwanda cha Clydebank, Scotland, kilichofunguliwa 1885 na ambacho mwaka 1913 peke yake kilitoa vyerehani zaidi ya milioni moja. Kilifungwa 1980, lakini stesheni ya treni ya pale inaitwa Singer mpaka leo. Chetu kinatoka huko. Namba yake inaanza na Y, ambayo ni Clydebank kati ya 1921 na 1935, na aina yake ni 128K, ile K ni ya Kilbowie, mtaa wa kiwanda.

Springi nilipata kwa mzee mmoja wa Ngamiani, fundi wa kutengeneza vyerehani. Nilishapeleka za vyerehani vya Kichina vya Kipepeo zikagoma, maana vile vimeigwa Singer ya aina ya 15, siyo 128. Mzee alikuwa na mzoga wa 128 chini ya meza na hakutaka kuuza kipande. Nilimfagilia kibanda na kumpelekea vyuma wiki nzima, siku ya nane akanipa springi na skrubu kwenye kiberiti, akanikataza kulipa. Bibi alifunga springi mwenyewe, alikataa nisishike. Shule zilikuwa zimefunguliwa siku tatu, sare mbili zilienda kushonwa kwingine. Ile 50,000 namalizia kumlipa mwezi ujao.

Na mzoga ule niliununua. Sasa ninavyo vinne chini ya kitanda, viwili vinashona. Mwenye namba ya cherehani cha nyumbani kwao aiweke kwenye maoni hapo chini, iko upande wa kulia kwenye kitako, chini ya gurudumu. Nitakwambia kimetoka kiwanda gani. Msifungue kitu, namba inasomeka kwa nje.

Jumamosi nakwenda Muheza. Kuna mama amenisomea ya kwake kwa simu, tarakimu tupu, hakuna herufi mbele. Hiyo ni ya kabla ya 1900. Ameniambia hauzi, ila nikitaka kukiona niende na mafuta ya cherehani.